Pokémon FireRed: Gemu inayokungoja, halafu inakula saa zako

Gemu mpya ikitoka, kelele huwa nyingi: picha kali, magari yanayong'aa, mpira ambapo unaona hadi jasho la mchezaji. Sasa ingia matatu pale stendi ya Karatina saa nne asubuhi, ile saa ya kungoja abiria wawili wa mwisho, halafu uchungulie simu ya msee aliyeketi kando yako. Si ajabu ukute vijipicha vya vidoti, kijana mwenye kofia nyekundu akizunguka nyasini, na kidole kikibonyeza A, A, A.

Hiyo ni Pokémon FireRed. Ilitoka Japani Januari 2004 na kufika Amerika Kaskazini Septemba mwaka huo, kwa kifaa cha mkononi cha Game Boy Advance ambacho vijana wengi wa huku Nyeri hatukuwahi kukigusa. Wanaoicheza leo kwenye simu, wengine walizaliwa baada ya gemu yenyewe. Ilhali bado ipo: kwenye vinyozi vya Ruring'u, kwenye hosteli za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kwa fundi wa simu pale mjini anayengoja mteja.

Kwa hivyo swali ni halali. Je, gemu ya umri huu inastahili saa zako, au ni mazoea tu? Nimeimaliza zaidi ya mara moja, na jibu langu ni kwamba inastahili. Lakini kile kinachoifanya iwe nzuri ndicho hicho hicho kinachoweza kukumaliza. Tuende polepole.

Imetoka wapi

FireRed ni gemu ya zamani iliyoundwa upya. Zile za asili, Pokémon Red na Green, zilitoka Japani Februari 1996 kwa Game Boy ya kwanza. Mwanzilishi wake ni Satoshi Tajiri, aliyekulia Machida, viungani mwa Tokyo, akipenda sana kukamata wadudu. Mji ulipozidi kupanuka, mashamba na vidimbwi vikafunikwa kwa lami, na wadudu wakapotea. Tajiri alitaka watoto wa mjini waonje tena ile raha ya kutafuta kiumbe kichakani. Ukiwa umekulia Skuta au Kamakwa, ukaona mashamba ya kahawa yakigeuka ploti za kupangisha, hiyo hadithi huhitaji kutafsiriwa.

Jambo lingine ambalo wasee wengi hawajui: Game Freak, kampuni iliyounda Pokémon, haikuanza kama kampuni. Ilianza mwaka wa 1983 kama jarida la kuandikwa kwa mkono kuhusu gemu, Tajiri akiwa bado kijana. Waliigeuza kuwa kampuni mwaka wa 1989.

Huku kwetu historia ni tofauti. Kifaa cha mkononi cha wengi kilikuwa brick game, ile ya matofali yanayoanguka, au nyoka wa kwenye Nokia. Walioinuka kidogo walikuwa na TV game ya Mchina yenye kaseti za Mario na Contra. Pokémon ilitufikia kwa mlango wa nyuma, simu za Android zilipokuwa bei nafuu na mtu akagundua kwamba simu inaweza kuigiza Game Boy Advance kupitia programu inayoitwa emuleta.

Zamu yako, zamu yangu

Ukiwa umezoea gemu za kufyatua risasi, pambano la FireRed litakushangaza. Hakuna haraka yoyote. Pokémon wako anasimama huku, wa adui anasimama kule. Unachagua moja kati ya mapigo manne, adui anachagua lake, mwenye kasi anaanza. Halafu kila kitu kinasimama tena mpaka uamue. Hata ukienda kunywa chai na mandazi, ukirudi utawakuta vile vile.

Si jambo geni kwetu. Pita stendi yoyote kati ya Othaya na Nanyuki, utapata wazee na makanga wamezunguka ubao wa drafti, vifuniko vya soda ndivyo kete, na kila mtazamaji ni kocha. Kabla ya hapo Agikuyu walicheza giuthi, wakisambaza mbegu kwenye mashimo, na Pwani mpaka leo kuna bao. Yote ni michezo ya zamu. Mshindi ni yule aliyeona mbele kabla ya kugusa kete, hata kama kidole chake ni kizito.

FireRed inatumia kanuni hiyo hiyo na kuongezea moja: aina. Kuna aina 17. Maji hushinda moto, moto huunguza nyasi, nyasi hunyonya maji. Pigo la aina inayofaa linaumiza mara 2. Adui akiwa wa aina mbili na zote zinaogopa pigo hilo, anaumia mara 4. Pigo lisilofaa linapungua nusu, na mengine hayafanyi kazi kabisa.

Mtihani wa kwanza wa maana ni Brock, kiongozi wa jimu ya mji wa Pewter. Silaha yake kubwa ni Onix wa leveli 14, nyoka wa mawe ambaye ni mwamba na ardhi kwa pamoja. Ukianza na Squirtle wa maji au Bulbasaur wa nyasi, unamwangusha fasta kwa ile hesabu ya mara 4. Ukianza na Charmander wa moto, kama tunavyofanya wengi kwa sababu anakaa fiti, uko na shida, kwa maana moto kwenye mwamba hupungua nusu.

Hapo ndipo unaona akili ya gemu hii. Haikufungii njia. Ukienda magharibi mwa mji wa Viridian, nyasi za huko zina Mankey, mpiganaji ambaye mapigo yake yanavunja mawe. Au vumilia mpaka Charmander afike leveli 13, atajifunza Metal Claw, pigo la chuma ambalo mwamba unaliogopa. Kwenye gemu ya 1996 hakuwa nalo. Waundaji waliona wachezaji wa Charmander wakiteseka, wakawaachia mlango.

Mbele kidogo uko Lt. Surge wa umeme, na Raichu wake ni noma. Lakini jirani kabisa na mji wake kuna pango limejaa Diglett, vijifuko vya ardhini. Umeme haumgusi kiumbe wa ardhi hata kidogo. Hakuna mtu anakuambia, "Nenda ukachukue Diglett." Pango liko hapo tu, na wewe ndiye utaunganisha. Ukiunganisha mwenyewe, ile raha ni kama kula kete tatu za drafti kwa mpigo mmoja.

Inakungoja

Sasa fikiria maisha ya kijana wa miji hii. Matatu inangoja kujaa. Stima inapotea mvua ikianza. Bosi wa kibanda amekuambia ukae hapo mpaka mzigo ufike, na mzigo haufiki. Siku imejaa vipande vya dakika kumi na tano ambavyo huwezi kufanyia kitu cha maana.

FireRed imekaa kama iliundwa kwa vipande hivyo. Unaweza kuhifadhi gemu karibu popote. Haihitaji intaneti. Faili yake ni MB 16, kiasi ambacho video chache za TikTok zinamaliza kabla hujajua umekula bando. Inacheza kwenye simu ya kioo kilichopasuka na memori iliyojaa.

Kuna kitu kingine ambacho mimi nakihesabu kama ustaarabu. Ukiifungua baada ya siku kadhaa, kabla haijakurudisha ulipoachia, inakuonyesha matukio yako machache ya mwisho kwa rangi iliyofifia, kama mtu anayekukumbusha, "Jana tulifika hapa." Na ukikwama, kuna vitufe vya L na R vinavyofungua ukurasa wa maelezo. Gemu chache za wakati ule zilimfikiria mchezaji aliye bize namna hiyo.

Linganisha na ile gemu nyingine iliyo kwenye simu nyingi hapa. Aviator haikungoji. Kindege kinapaa, namba zinapanda, na una sekunde chache tu za kuamua kabla hakijapotea na pesa zako. Imejengwa ili usifikirie. Hali ilifika mahali ambapo Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari nchini, BCLB, ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Kabla ya hapo, Julai 2019, serikali ilizifungia kampuni kadhaa za kamari leseni. Na nani amesahau zile mashine za sarafu zilizojaa kwenye vibanda hadi vijijini, kabla ya maafisa kuanza kuzikamata na kuzichoma?

Fundi mmoja wa simu ninayemjua mjini Nyeri ana zote mbili kwenye simu yake. Nilimuuliza tofauti ni gani. Akacheka, akaniambia: "Bro, hii ya Pokémon nikipigwa narudi kituoni naponywa bure. Hiyo ingine nikipigwa narudi kwa mathe kuomba nauli."

Kasino iliyo ndani ya gemu

Usidhani FireRed yenyewe ni malaika lakini. Katika mji wa Celadon kuna jumba la kamari lenye mashine za kuzungusha picha. Unanunua sarafu za kuchezea, 50 kwa pesa 1,000 za ndani ya gemu, unazitumbukiza na kuomba Mungu. Zawadi ni tamu: pigo la barafu linaloitwa Ice Beam ni sarafu 4,000. Ukizinunua zote bila kucheza, hizo ni pesa 80,000. Sarafu zenyewe haziwezi kugeuzwa pesa tena. Ukishaingia, pesa zako ni za jumba.

Ila angalia vile waundaji walivyoliweka. Kikebe cha kubebea sarafu unapewa na mtu aliyeketi mkahawani pale karibu, ambaye amefilisika kabisa kwa mashine na ameapa kuziacha. Na ndani ya jumba, nyuma ya bango moja ukutani, kuna kitufe cha siri. Ukikibonyeza, ngazi inafunguka kwenda chini kwenye makao ya Team Rocket, genge la wahalifu ambalo umekuwa ukipambana nalo tangu mwanzo. Kasino ilikuwa duka lao la mbele. Gemu ya watoto, lakini ilijua pesa za mashine zinaelekea wapi.

Kwa upande mwingine, mashine zenyewe zinachezeka, na mtoto wa miaka minane anafundishwa raha ya kuona picha tatu zikilingana. Si mimi tu niliyeona tatizo. HeartGold na SoulSilver zilipotoka nje ya Japani mwaka wa 2010, mashine hizo ziliondolewa, na mahali pake pakawekwa mchezo wa kufikiri unaoitwa Voltorb Flip. Kwa FireRed hiyo ni doa, hata kama ni doa lenye mafunzo.

Saa badala ya akili

Sasa tuje kwenye udhaifu mkubwa, na hapa mashabiki wenzangu mtanisamehe.

Nimesema ni kama drafti. Lakini kwenye drafti, mzee wa stendi hawezi kukushinda kwa sababu tu ameketi hapo saa nyingi kukushinda. Lazima afikirie. Kwenye FireRed inawezekana. Kila ukishinda pambano, Pokémon wako anapata uzoefu na kupanda leveli. Ukizunguka nyasini mchana kutwa ukipiga viumbe wadogo, utakuwa na nguvu mpaka ile hesabu ya aina haina maana tena. Charizard wa leveli 70 hajali kama wewe ni maji au mwamba. Anakuchoma tu.

Matokeo yake ni ile timu ambayo kila mtu ameiona: Charizard mmoja na makanga watano. Wale watano hawapigani. Wako hapo kubeba mapigo ya lazima, kama Cut ya kukata mti uliozuia njia, Surf ya kuvuka maji, Strength ya kusukuma mwamba. Mapigo hayo yako saba, na ukishamfundisha Pokémon huwezi kuyafuta mpaka ufike kwa mzee mmoja wa mji wa Fuchsia. Kwa kiumbe mwenye nafasi nne tu za mapigo, Cut ni mzigo wa bure. Kwa hivyo unambebesha mtu usiyemjali. Gemu iliyotaka upende viumbe sita inakusukuma uwatumie watano kama vifaa.

Na usiposaga hizo nyasi, mwishoni utalipa. Giovanni, kiongozi wa jimu ya nane, Pokémon wake mkubwa ana leveli 50. Ukitoka hapo, shindano la mwisho ni watu watano mfululizo bila kurudi kuponywa kituoni, na yule wa mwisho ana Pokémon wa leveli 63. Kati ya 50 na 63 hakuna hadithi mpya ya maana wala fumbo la kutosha kukupandisha. Kuna nyasi tu, pango, na kidole chako. Kuna kifaa kinachoitwa Vs. Seeker cha kuwaita tena wapinzani uliowashinda. Kinasaidia, lakini ni kusaga kule kule kwa jina lingine.

Hapa ndipo kuna hatari ambayo si ya gemu peke yake. Gemu inayokungoja haikufukuzi kamwe. Mimi niliacha chuo, na najua siku isiyo na ratiba inavyokuwa ndefu. Kwa mtu mwenye kazi, FireRed inajaza vipande vya dakika kumi na tano. Kwa mtu anayesaga lami akitafuta kazi, hakuna vipande. Kuna siku nzima, na gemu iko tayari kuipokea yote. Leveli zinapanda, beji zinaongezeka, na jioni unahisi umefanya kitu. Fungua kadi ya mchezaji ndani ya gemu uone saa ulizocheza. Imeziandika bila kukuficha. Aviator inakula pesa, hii inakula Jumanne.

Siwezi kusema zinalingana. Jumanne iliyopotea haitakuletea simu za kudaiwa mkopo. Lakini usiseme pia ni bure.

Kasoro ndogo ndogo, lakini zinauma

Kuna mambo mengine mtu anayeanza anafaa kujua.

Moja, hesabu ya nguvu ina kasoro. Kwenye FireRed, aina ya pigo ndiyo inaamua linatumia nguvu ya mwili au nguvu maalumu. Mapigo yote ya moto ni maalumu, yote ya mzimu ni ya mwili. Sasa muone Hitmonchan, bondia anayejulikana kwa ngumi za moto, barafu na umeme. Ngumi hizo zinahesabiwa kwa nguvu maalumu, ambayo kwake ni duni kabisa. Bondia ambaye ngumi zake hazina uzito! Gengar naye ni mzimu, na pigo lake kali la mzimu linatumia nguvu ya mwili ambayo si sifa yake. Kasoro hiyo ilirekebishwa kwenye Diamond na Pearl za mwaka wa 2006.

Kwa haki, FireRed nayo ilirekebisha mengi ya 1996. Kwenye gemu za kwanza, mizimu ilikusudiwa kuwashinda viumbe wa nguvu za akili, lakini kosa la programu lilifanya mapigo yao yasiwaguse kabisa. Alakazam na Mewtwo wakatawala kama wafalme. Kwenye FireRed kosa hilo halipo, na kuna aina za chuma na giza, kwa hivyo hakuna mbabe asiye na mbabe wake.

Mbili, inakuzuia bila kukueleza. Golbat wako akifikia kugeuka Crobat, gemu inakatiza mabadiliko njiani. Unabaki ukijiuliza kama simu imekwama. Sababu ni kwamba mpaka umalize shindano la mwisho na uwe umekamata aina 60 za Pokémon, viumbe wa nje ya wale 151 wa kwanza hawaruhusiwi. Hakuna anayekuambia.

Tatu, lugha. Hakuna toleo la Kiswahili, na maelezo ya mapigo ni mafupi ya kukera. Kuna vijana waliojifunza maana ya kupooza na kulaaniwa kwa Kiingereza kupitia gemu hii, hiyo ni faida. Lakini mtoto wa darasa la nne anabonyeza tu bila kusoma, na gemu ya kufikiri inageuka ya kubahatisha.

Iliundwa kwa watu wawili

Hii ndiyo kasoro ambayo huku kwetu inauma zaidi, na chanzo chake si gemu peke yake.

FireRed ilitoka na pacha wake, LeafGreen. Kwenye FireRed utapata Growlithe na Scyther, lakini Vulpix na Pinsir hutawaona. Wako kwa pacha. Tena kuna viumbe kama Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter ambao hawafiki umbo lao la mwisho mpaka uwabadilishane na mchezaji mwingine. Huyo Gengar niliyemtaja, peke yako hutampata. Tajiri alipoona kebo ya kuunganisha Game Boy mbili, aliwazia wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine. Hiyo ndiyo roho ya gemu yenyewe: lazima umtafute mtu, mketi pamoja, mjadiliane bei.

Sisi tunaicheza peke yetu, kila mtu ameinamia simu yake. Baadhi ya emuleta zinaweza kuunganisha simu mbili kwa Bluetooth, lakini ni wachache wanaojaribu. Kwa hivyo tunacheza nusu ya gemu na kudhani ni nzima.

Emuleta imeleta mambo mengine mawili. Kuna kitufe cha kuharakisha, kinachofanya kusaga nyasi kuchukue muda mfupi, na hicho nakubaliana nacho. Lakini kuna kile cha kuhifadhi papo hapo, hata katikati ya pambano. Ukipigwa, unarudi nyuma sekunde tano kana kwamba hakuna kilichotokea. Mewtwo, anayengoja kwenye pango la Cerulean akiwa leveli 70, alifaa kukutetemesha. Ukimtupia mpira ukikosa, unarudi, unatupa tena. Kushindwa kukiondolewa, ushindi nao unakuwa wa karatasi.

Na tusijifiche: emuleta ni programu tu, lakini nakala ya gemu ina mwenyewe. Kuipakua bila kulipa ni kwenda kinyume na Sheria ya Hakimiliki, ambayo Kenya imekuwa nayo tangu 2001. Njia moja safi ni kutafuta kifaa na kaseti halisi vya mitumba, na hiyo si bei ya mtu anayehesabu nauli ya Nyeri hadi Chaka. Nasema hivi kwa sababu tuko na vijana wengi hapa wanaojifunza kuunda gemu zao. Siku yao ikifika, watataka tuwalipe.

Sasa, uicheze?

Ndiyo. Lakini icheze kama drafti, usiicheze kama shamba la kulima. Nina mapendekezo manne.

Kwanza, ingia kwenye mipangilio na ubadilishe mtindo wa pambano kutoka Shift hadi Set. Kwa kawaida gemu inakuambia adui anamleta nani na kukuruhusu ubadilishe bure kabla hajafika. Hiyo ni kuonyeshwa kete za mwenzako. Ukiweka Set, kila kubadilisha kunagharimu zamu, na utaanza kufikiria.

Pili, wapiganishe wote sita. Ukiona mmoja amewapita wenzake kwa leveli kumi, mpumzishe.

Tatu, punguza dawa. Gemu haikuzuii kumwaga Full Restore katikati ya pambano mpaka adui achoke. Ukishinda hivyo, umeshinda kwa mfuko, akili haikuwepo.

Nne, na hili ndilo kubwa: tafuta mtu wa LeafGreen. Kama ni pale Whispers Park Jumapili mchana au hosteli jioni stima ikipotea, mketi, muunganishe simu, abadilishane nawe Haunter. Ataondoka na Gengar, nawe utaondoka na Gengar, na mtabishana nani amemdanganya mwenzake.

Na ile saa iliyo kwenye kadi ya mchezaji, iangalie kila Ijumaa. Ukiona imepanda saa tatu, umepumzika vizuri. Ukiona imepanda saa thelathini, funga gemu utoke nje kidogo, hata kama mlima umejifunika mawingu. Charizard wako atakungoja.